Kitanda ya Juu, Dirisha ku Lufira

*Siku ya kwanza, 9 Agosti 1954*

Nililala muzuri sana. Kitanda ya springi, shuka nyeupe, chandarua, dirisha ya juu yenye inaangalia muto Lufira. Asubui balinigongea mulango na kahawa. Bantu ya Kamalondo bakisoma hii, bakufe na wivu.

Uongo. Nililala mu depo nyuma ya jiko, juu ya magunia ya biazi. Chini ya kichwa, gunia ya bitunguu. Kahawa nilijichotea mwenyewe mu sufuria ya bapishi. Mu hii hoteli muntu mweusi anagusa kitanda ya juu wakati ya kuitandika tu. Ona sasa, hata daftari yangu ninaidanganya. Bapadri balinifundisha kuandika, kisha balinifukuza juu nilikuwa naigiza Padri mukubwa vile anakohoa mu misa. Kuandika kulibaki. Kuigiza pia.

Nilifika jana na kamyo ya mboga. Ku Kamalondo niliambia kila muntu: ninaenda vakansi. Fundi ya nguo ya barabara yetu aliuliza kama vakansi ni ugonjwa gani. Nilimujibu: ugonjwa ya bazungu, inakamata bantu benye balichoka kupumuzika.

Kweli ni hii. Mwipwa yangu Dominiko, mutoto ya dada yangu marehemu, anapiga kafi hapa. Anavusha bageni ku bwato, anabapeleka kuvua. Kwetu mutoto ya dada ndiye mutoto ya kweli, ndiye atarisi jina. Huyu nilimulea mi mwenyewe. Sasa hoteli ilinunua kanoti ya moteri, mupya, rangi ya bluu. Patron, mwenye hoteli, yenye bafanyakazi banamuita Bwana Tumbako juu kiko haitoke mu kinywa yake, alimuambia Dominiko maneno ya kweli: kuko mugeni mukubwa ya Bruselles, anakuja kuvua wiki nzima. Akirudi kwao na furaha, kanoti ni yako, na nyumba ya matofali ya muke na batoto. Akirudi na hasira, nitaitisha muzungu ya Jadotville akuje kuiendesha.

Mweusi kupeleka bazungu ku maji peke yake, bila muzungu mwingine ya kumuchunga. Hapa haiyaonekana bado.

Dominiko aliniita nikae karibu naye. Ila aliomba kintu moja: Mujomba, ukae kimya. Niliahidi. Niliahidi na kicheko mu tumbo.

*Siku ya pili, 10 Agosti*

Nilipata munungwe. Nilimupata mu jiko, katikati ya sufuria.

Pio, mupishi mukubwa. Muzee kama mi, tumbo kubwa, kofia nyeupe ndefu sawa na kichuguu. Nilimuuliza ukoo ya mama yake. Akasema yeye ni mwina Isabi, muntu ya ukoo ya samaki. Nilikaa chini kwa furaha. Mi ni mwina Ng'andu. Ukoo ya mamba. Mamba anakula samaki, basi tangu bankambo, babu ya babu zetu, sisi na bao tuko banungwe. Tunatukanana, hakuna kukasirika. Anaweza kunyanganya kintu yangu, sina ruhusa ya kulia. Na siku nikikufa, ndiye atanizika. Ataingia mu shimo mbele yangu na kukataa kutoka mupaka apewe kuku. Atavaa kofia yangu, atatembea na kilema yangu ya muguu, atasema mabaya yangu yote mupaka bafiwa bacheke na machozi mu macho. Maiti yenye haikutukanwa na munungwe ni sawa mboga bila chumvi.

Tulianza palepale. Nilimuambia: chakula yangu inanipikia chakula. Akasema mamba ya siku hizi haina meno, inakula supu. (Ni kweli, meno yangu ilibaki machache.) Akanyanganya kofia yangu ya reli, ya kazi yangu ya zamani, akapika nayo mu kichwa mupaka saa ya chakula ya bazungu. Mi nikachukua tumbako yake yote.

Bwana Tumbako akaingia wakati nilikuwa namushika Pio sikio. Alimuita Dominiko inje, akamuuliza kama bale bazee babili banapigana. Dominiko alijibu hapana, ni desturi. Patron akasema: desturi ya kwenu isiingie mu jiko yangu.

Mwipwa yangu alikuja kunionya. Uso yake ilikuwa ya mama yake, vile alikuwa ananikaripia zamani. Nilinyamaza. Mupaka akaenda.

*Siku ya tatu, 11 Agosti*

Leo nilikuwa turisti.

Balienda na kamyonete kuangalia maporomoko. Nilibeba kikapo ya mikate, basi nilipata nafasi nyuma. Mugeni ya Bruselles nilimuona karibu. Mwili mukubwa, ndevu nyeupe mupaka kifua. Nilimupa jina: Bwana Ndevu. Saa ya mangaribi jiko yote ilikuwa inamuita vile.

Bazungu balisimama pale mbele ya maji wakati murefu. Maji inaanguka, bao banaangalia. Inaanguka tena, banaangalia tena. Zamani nikiwa kijana niliangukaka mu ile maji mwenyewe, hakuna muntu alikuja kuniangalia.

Bwana Ndevu iko na mashini ya foto ya miguu tatu. Alinifanyia na mukono: sogea. Nilisogea. Akafanya tena: sogea. Nilitoka mu foto mimi, kisha kilema yangu ikatoka nyuma yangu.

Kurudi tulipita ku Mwashya, kwenye bamama banapika chumvi ya udongo. Dominiko alieleza bageni yote kwa Kifaransa: vile banachuja, vile banapika, vile zamani bantu balitoka mbali kuja kuitafuta. Alieleza bila kuinama, mikono nyuma, sawa mwalimu. Bwana Ndevu aliuliza, yeye anajibu. Mi niko nyuma na kikapo. Nilitaka kuambia kila mama ya pale: huyu ni wangu.

Niliambia moja tu. Wengine baliuliza benyewe.

*Siku ya ine, 12 Agosti*

Baridi. Magoti inalia.

Balienda kuvua tangu asubui. Hakuna kintu. Jana mangaribi na juzi pia, hakuna. Bwana Ndevu alirudi na uso ya Kwaresima. Patron alivuta kiko, aliangalia kanoti, aliangalia Dominiko.

Mwipwa hakukula. Bibi yake alileta sahani ya bukari, ikarudi vile ilikuja. Banakaa mu nyumba ya majani, na mvua itaanza karibu. Hakuna muntu anaitaja nyumba ya matofali. Kila muntu anaiangalia.

*Siku ya tano, 13 Agosti*

Leo nilifanya mzaha muzuri kupita yote ya maisha yangu. Niandike polepole, niionje.

Nilikwenda kuzunguka kijiji ya bavuvi tangu asubui, kusalimia bazee na kunywa pombe yao ya munkoyo. Nilirudi jua ikishuka. Jiko ilikuwa moto, bageni bako ku meza juu ya terasi, bapishi banakimbia. Na pale, ku ndoano, ndani ya kivuli, samaki. Mamamama. Samaki ya meno makali, kubwa sawa mutoto ya kubatiza.

Nilimuuliza Pio: huyu nani? Akavimba kifua. Akasema: huyu ni ndugu yangu, alikuja kunitembelea, mamba kama wewe huwezi hata kumunusa, ni samaki yangu. Akachukua sahani, akapanda ku terasi.

Samaki yangu. Alisema vile mbele ya bantu. Munungwe akisema hii ni yangu, mwenzake anafanya nini? Hata mutoto mudogo ya kwetu anajua.

Nilimushusha. Nilimukata. Nilimugawa nyuma ya jiko, mbio mbio: bipande ku bibi ya bapiga-kafi, bipande ku bafua nguo, ku mulinzi, ku mama yenye mimba. Siku ya tano, siku Yesu alikufa, bakatolika hatukule nyama, basi hata Mungu alifurahi. Moto ilikuwa kila mulango. Mi nilikula mukia. Kichwa nilikiacha ku meza ya Pio, chini ya kifuniko ya sufuria, kinywa wazi, na kitunguu ndani.

Sijasikia bado vile atalia. Niliingia mu depo kuandika. Mi Ng'andu, nilikula Isabi mu nyumba yake mwenyewe. Ku Kamalondo nitaisimulia mupaka bakimbie.

*Siku ya posho, 14 Agosti*

Haikuwa samaki ya Pio.

Ilikuwa ya Bwana Ndevu. Jana, wakati nilikuwa nakunywa munkoyo, alimupata yeye mwenyewe, Dominiko akishika bwato. Siku ine ya kutafuta, kisha huyu. Jua ilikuwa ilishashuka, foto haiwezi. Balimutundika angoje foto ya asubui. Patron alishaanza kumupa Dominiko mukono. Yote hii ilikuwa jana, na mi sikujua hata neno.

Asubui Bwana Ndevu alishuka na koti nzuri na mashini ya miguu tatu. Pio alimuletea kichwa mu sahani. Alitoa kitunguu kwanza.

Patron aliuliza nani. Pio alisimama, kofia mu mukono. Anajua ni mi, jiko yote inajua. Lakini munungwe hamutoe munungwe. Akasema: nilikuwa mulinzi ya jiko, kosa ni yangu. Patron akamuambia afunge bintu yake, kesho kisha chakula ya sikukuu aende. Miaka yote Pio anapika hapa, tangu hoteli iko udongo na majani. Na mi, nyuma ya mulango, niliona hakuniangalia hata kidogo. Sikufikiri kuna tusi kama hii.

Nilitoka. Nilivaa kofia ili nikuwe na kintu ya kuvua. Nilipanda ngazi ya mbele ya terasi, ile yenye sisi hatukanyagi, na kilema yangu yote. Bazungu baliacha bikombe. Nilisema ni mi nilikula ile samaki. Nilijaribu kueleza bunungwe. Kwa Kifaransa yangu ilitoka vile: mi mamba, yeye samaki, basi nilimukula. Nilisikia mwenyewe vile ni ujinga.

Patron aliniita mwizi. Akauliza nani aliingiza huyu muzee mu hoteli.

Kwenye muto Dominiko alikuwa anapangusa kanoti. Kama angekaa kule, yote ingeanguka juu yangu peke yangu. Nilimufanyia na jicho: kaa kule. Alitupa kitambaa. Alikuja, akapanda ngazi, akasimama bega yangu na bega yake. Akasema mbele ya bantu bote:

"Huyu ni mujomba yangu. Mi ndiye nilimuita. Yeye alinilea, na Pio hana kosa."

Kwa Kifaransa safi. Bila kuinama.

Kisha akamugeukia Bwana Ndevu, akasema kama anapenda, kesho kisha misa atamupeleka mahali ingine, kwa bwato, si kanoti. Patron akasema kama bakirudi mikono wazi, sisi batatu, Pio, Dominiko na mi, tutafukuzwa siku moja. Dominiko akasema ndiyo. Bwana Ndevu aliangalia kile kichwa wakati murefu. Akasema atakwenda.

Mi ni mupumbavu. Nilitaka kicheko, nilipata hii. Lakini niandike kila kintu: pale ku ngazi, na woga yote, nilikuwa murefu kupita nyumba.

*Siku ya Mungu, 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria*

Misa ilikuwa chini ya hangari ya bwato. Sikuigiza muntu.

Dominiko na Bwana Ndevu bakaenda. Bwato ilipinda nyuma ya matete, hatukuiona tena.

Nilikaa ku mawe ya kando ya muto. Pio alimaliza chakula ya sikukuu, alifunga sanduku yake, alikuja kukaa jiwe ya pili. Nilimutukana kidogo. Hakujibu. Nilimuambia harufu yake inafukuza ndugu zake mu maji. Nilitoa tumbako yake yenye nilinyanganya, nikaiweka juu ya jiwe. Aliiangalia tu. Bibi ya Dominiko alisimama mbali, mutoto ku mugongo, anamutikisa hata kama mutoto alishalala.

Jua ilianza kuwa nyekundu. Patron alitoka ku terasi, akarudi, akatoka.

Bwato ilikuja polepole. Nilitafuta samaki kwanza. Nilimuona. Mudogo. Si sawa ile, hata nusu yake hapana.

Kisha nilisikia kicheko. Bwana Ndevu alikuwa anacheka mupaka bwato inayumba. Ndevu yake yote ilikuwa maji. Dominiko pia anacheka na meno yote, na mi sikumuona vile tangu mama yake alikufa.

Dominiko alinieleza kisha. Samaki balikatalia, basi Bwana Ndevu aliuliza kama ile maneno ya mamba na samaki ilikuwa nini. Akamueleza kila kintu: kunyanganya, kutukana, kuzika. Muzungu akaanza kucheka. Akasema kijiji kwenye alizaliwa iko na kijiji ingine ngambo ya muto, banatukanana tangu babu ya babu. Sikukuu ikifika, bamoja banakwenda kuiba muti ya sikukuu ya bengine, na hakuna kwenda polisi. Yeye mwenyewe aliiba akiwa kijana. Aliuliza kama ile kitunguu nani aliweka. Dominiko akasema mujomba. Bakacheka tena, na pale ndipo huyu mudogo alikamata ndoano.

Bwana Ndevu alitaka foto mbele jua ikufe. Si ya samaki peke yake. Aliita Dominiko katikati, ashike samaki. Akasema mamba akuje upande moja na Pio upande ingine. Ku ngazi ya mbele. Patron alitoa kiko mu kinywa, akairudisha.

Nilipita mbele ya ile miguu tatu, sasa hakuna muntu ananiambia sogea. Pio akasimama. Bado uso ya jiwe. Mashini ikiwa karibu kupiga, alinyoosha mukono, akanyanganya kofia yangu, akaivaa. Niko mu ile foto kichwa wazi, kipara inangaa, kinywa wazi. Yeye iko na kofia yangu, safi sawa stesheni-masta.

Sijafurahi vile siku nyingi.

Mangaribi patron aliongea. Kanoti ni ya Dominiko. Nyumba ya matofali, mbele ya mvua. Pio afungue sanduku. Na ile muzee aende na kamyo ya kesho. Asirudi mupaka aitwe.

Ni haki. Mi mwenyewe nisingeniita.

*Siku ya kwanza tena, 16 Agosti*

Kamyo inangoja ngambo ya muto, inapakia samaki ya kukauka. Niko na wakati kidogo.

Dominiko alinivusha na kanoti. Peke yake ku usukani. Alitaka nikae ku benchi ya nyuma na mizigo, nikakataa. Nilikaa ku kiti ya mbele, ile ya mugeni, yenye muto laini ya kukalia. Alizunguka kwanza, bila mi kuomba. Alinipeleka mupaka kwenye matete, akarudi. Maji ilikuwa na ukungu. Moteri ililia muzuri. Aliendesha sawa muntu anabeba yai. Ku mwisho aliniita Baba, si Mujomba. Nilifanya sawa na sikusikia, juu macho ilianza mambo yake.

Mama yako angeona, nilisema. Ni hiyo tu.

Pio alikuja na bwato nyuma yetu, kofia yangu bado mu kichwa. Akasema alikuja kuhakikisha mamba alitoka mu maji ya bantu. Ile neno ilinipita mu mwili sawa jua. Akanirudishia kofia. Ilikuwa na harufu ya kitunguu.

Tulikaa chini ya kamyo kidogo, tunavuta tumbako yake. Nilimuambia: wewe Isabi, uko na deni yangu. Nilipanda ile ngazi juu yako. Akasema nilipanda juu ya tumbo yangu mwenyewe. Nilimuambia ni vilevile, deni ni deni, na ni kintu kidogo.

Siku yangu ikifika, watakuita Kamalondo. Ukuje. Ingia mu shimo, ukatae kutoka, uombe kuku munono, bako nabo. Vaa hii kofia. Tembea na muguu yangu. Waambie nilikuwa mwongo, mulevi, mwizi ya samaki ya mugeni. Sema yote, usinionee huruma.

"Lakini ile kitanda, Pio. Kitanda ya juu, dirisha ku Lufira. Waambie nililala."